NMI Juu ya NMI: Prosesa Inapofungua Mlango Kabla ya Wakati

(Hotuba kwa waandishi wa mifumo endeshi, imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa)

Wahandisi wenzangu, habari za mchana. Nawashukuru mliobaki, maana mada hii ukiiona kwenye ratiba haivutii hata kidogo: mikatizo isiyozuilika (NMI) inayokatizana yenyewe kwa yenyewe. Mtu anaweza kuandika programu miaka nenda miaka rudi asiikaribie kona hii ya kiini cha mfumo endeshi. Mimi naipenda kwa sababu ni mistari michache tu ya asembli, na karibu kila mstari upo kwa sababu bila huo kuna mashine ingeanguka.

Dai langu nalisema mapema ili mjue naelekea wapi. Prosesa za x86, yaani familia ya Intel na AMD, zinatuahidi kwamba NMI moja haitaingiliwa na nyingine. Ahadi hiyo ipo na imeandikwa, ila haitoshi. Kiini kinachoitegemea peke yake kitakuja kujiharibia steki, yaani eneo la kumbukumbu linalohifadhi mahali pa kurudia. Kiini kinachoamua kujiwekea hesabu yake nacho kina kazi ya pili: kuhakikisha kwamba hesabu hiyo haiwezi kughushiwa na programu ya mtumiaji. Kazi hii ya pili ndiyo iliyosahaulika miaka kadhaa, na tutaifikia.

Kwanza NMI yenyewe. Mkatizo ni ishara inayoisimamisha prosesa ili ishughulikie jambo jingine, na ule wa kawaida kiini kinaweza kuuzuia kwa amri ya CLI kikiwa na kazi nyeti. NMI haijui CLI. Inaingia kupitia nafasi namba 2 ya jedwali la mikatizo, saa yoyote, hata kama msimbo uliokuwa ukiendeshwa ulikuwa umeshika kufuli, yaani haki ya kutumia data fulani peke yake. Katika IBM PC ya 1981 kazi yake ilikuwa kutoa taarifa kumbukumbu ikikosea pariti (biti ya kukagua makosa), pamoja na kupeleka makosa ya 8087, ile prosesa-saidizi ya hesabu za desimali. Leo inatumika zaidi kupima utendaji: rejista inayohesabu matukio ikifurika, NMI inagonga, na perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, inaandika msimbo gani ulikuwa kazini. Mlinzi anayegundua prosesa iliyoganda huku mikatizo ikiwa imezimwa anapita njia hiyohiyo. Kiini kikianguka, NMI hutumwa kwa prosesa nyingine ili zisimame. Kwa hiyo msije mkadhani ni tukio la nadra. Mashine inayopimwa na perf inapokea maelfu ya NMI kwa sekunde moja bila mtu yeyote kushtuka.

Sasa ahadi. NMI ikiingia, prosesa inazuia NMI nyingine. Ikija moja wakati huo, inahifadhiwa isubiri. Zikija tatu, moja itasubiri na mbili zitapotea kimyakimya, kwa sababu kuna nafasi ya kusubiri moja tu. Kizuizi kinaondolewa amri ya IRET inapotekelezwa, yaani ile amri ya kurudi kutoka kwenye mkatizo.

Kasoro iko kwenye sentensi hiyo ya mwisho. Prosesa inaangalia amri, haiangalii nani ameitoa. Ni kama bawabu aliyeambiwa asimruhusu mgeni wa pili mpaka asikie "naondoka", naye akifungua kila anaposikia neno hilo, hata likitamkwa na fundi bomba aliyeitwa na mgeni wa kwanza ambaye bado yuko sebuleni.

Tuone inavyotokea. Mhudumu wa NMI, yaani msimbo wa kiini unaoishughulikia, anafanya kazi ya perf, na perf inataka kujua ndani ya programu ya mtumiaji ni kitendakazi gani kilichoita kingine. Inabidi asome steki ya mtumiaji. Ukurasa anaoutaka haupo kwenye kumbukumbu, basi inatokea hitilafu ya ukurasa. Mhudumu wa hitilafu hiyo anatambua kwamba hapa hakuna ruhusa ya kusubiri diski, anabadilisha anwani ya kurudia ili usomaji ule uhesabike umeshindikana, kisha anarudi. Anarudi kwa IRET. Papo hapo kizuizi kinaondoka, na sisi tungali katikati ya NMI. Hali ni hiyohiyo ukikutana na INT3, amri ambayo zana za kufuatilia kiini huipandikiza ndani ya msimbo, na ni hiyohiyo kwa hitilafu ya mashine inayoingia kwa nafasi namba 18.

Kuna na mlango wa nyuma ambao kiini hakina mamlaka nao. Prosesa inaweza kuingia katika hali ya usimamizi wa mfumo, ile inayoendesha msimbo wa kampuni ya bodi bila kiini kuambiwa. Kitabu cha Intel chenyewe kinakiri kwamba mkatizo unaoiingiza prosesa katika hali hiyo ukitokea katikati ya NMI, taarifa kwamba NMI zilikuwa zimezuiwa haihifadhiwi, hivyo NMI nyingine inaweza kuhudumiwa kabla ya ile ya kwanza kwisha. Kwa hiyo hata ukiandika mhudumu safi asiyegusa ukurasa wowote wenye mashaka, bado hujapata kinga kamili.

Yote haya yangekuwa kero ndogo kama isingekuwa steki. Kwenye x86 ya biti 32, mkatizo ukiingia wakati kiini ndicho kinachoendeshwa, prosesa inaendelea kusukuma kwenye steki iliyopo. NMI ya pili inajipanga chini ya ya kwanza na hakuna kinachofutwa. Kwenye biti 64, Linux inaipa NMI steki yake maalumu kupitia jedwali la IST, lenye nafasi 7 za vielekezi vya steki. Kila NMI inapoingia, prosesa inapakia RSP, rejista inayoelekeza kilele cha steki, kutoka kwenye nafasi hiyo. Haiulizi kama steki hiyo ina mtu.

Fuateni baiti zenyewe. Prosesa inasukuma maneno 5 ya baiti 8: SS, RSP, RFLAGS, CS na RIP, hii ya mwisho ikiwa anwani ya amri ya kurudia. Jumla baiti 40, na ndizo pekee zinazojua tulikuwa tunatoka wapi. NMI ya pili inaingia, inaanzia kileleni pale pale, na inaandika baiti zake 40 juu ya zile za kwanza. Ya pili inamaliza kazi yake vizuri na kurudi katikati ya ya kwanza, mahali sahihi kabisa. Ya kwanza nayo inafika mwisho, inasoma anwani ya kurudia, na anwani inayoikuta ni ya katikati yake yenyewe. Ile kazi iliyokatizwa mwanzoni imeshasahaulika. Kutoka hapo mashine ama inazunguka humo humo, ama inaanguka, na logi haitakuonyesha chochote cha maana.

Mtu atasema: basi achaneni na IST. Haiwezekani kirahisi, na sababu yake ni SYSCALL. Amri hiyo inamleta mtumiaji ndani ya kiini bila kubadilisha RSP. Kwa amri chache za mwanzo, kiini kina mamlaka yake yote lakini RSP bado ni ile aliyoiweka mtumiaji, na inaweza kuwa na thamani yoyote. NMI ikigonga hapo bila IST, prosesa itasukuma zile baiti 40 popote mtumiaji alipoelekeza. Kwa hiyo steki maalumu ni lazima, na kwa sababu ni lazima, tatizo la kupandana ni letu.

Mathieu Desnoyers alikuwa amelikuta alipokuwa akijenga zana za kufuatilia kiini, na akapendekeza hitilafu zinazotokea ndani ya NMI zirudi kwa njia nyingine isiyotumia IRET. Inawezekana, lakini inaingiza sharti la ziada katika kila njia ya kurudi, hata kwa wasiohusika. Mwaka 2010 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, alipendekeza kinyume chake: ikubalike kwamba NMI zitapandana, na mhudumu wa NMI mwenyewe ndiye abebe mzigo. Steven Rostedt akauandika msimbo, na ukatoka na Linux 3.3 mwaka 2012. Mimi niko upande wa Torvalds. Gharama ilipe yule anayeileta.

Msimbo unakwenda hivi. NMI ya kwanza ikiingia, kabla ya lolote inaweka alama mahali maalumu kwenye steki yake: niko kazini. Kisha inanakili zile baiti 40 mara mbili, chini zaidi kwenye steki. Nakala moja haiguswi na mtu. Ndiyo kumbukumbu ya kweli ya tulikotoka. Nakala ya pili ndiyo itakayotumika kurudi. Sasa NMI ya pili ikiingia, inaandika kileleni kama kawaida, lakini pale kileleni hapana tena kitu cha thamani. Inaona alama ya kwanza iko kazini. Haimwiti mhudumu. Inachofanya ni kubadilisha ile nakala ya kurudia ili ielekeze kwenye lebo ya repeat_nmi, kisha inaondoka. Ya kwanza inamaliza, inatoa IRET ikidhani inarudi nyumbani, inajikuta kwenye repeat_nmi. Hapo nakala ya kurudia inaandikwa upya kutoka kwenye ile isiyoguswa, na mhudumu anaitwa tena kwa ajili ya yule aliyesubiri.

Yaani programu imeiga tabia ya maunzi: mmoja kazini, mmoja anasubiri, wanaozidi hapo wanaunganishwa. Ndiyo maana mhudumu wa NMI lazima aulize kila chanzo kinachowezekana, asiridhike na cha kwanza alichokipata. Na ndiyo maana mara nyingine NMI inafika na hakuna anayekubali kwamba ni yake, na Linux inaandika ule ujumbe wake maarufu kwamba imepokea NMI isiyojulikana sababu yake, imepigwa na butwaa, lakini inajaribu kuendelea. Ujumbe mwaminifu kuliko mwingi niliowahi kusoma.

Mpaka hapa wengi mnatikisa kichwa kukubali. Basi niulize: itakuwaje NMI ya pili ikigonga wakati repeat_nmi iko katikati ya kunakili? Ikiibadilisha nakala iliyoandikwa nusu, kila kitu kinaharibika. Jibu ni kwamba anayeingia anaangalia RIP ya aliyekatizwa. Ikiwa iko ndani ya eneo hilo, anaondoka tu bila kugusa kitu, kwa sababu hatua inayofuata baada ya kunakili ni kumwita mhudumu. Kazi yake itafanyika papo hapo.

Na itakuwaje ikigonga baada ya alama ya "niko kazini" kufutwa, lakini kabla ya IRET ya mwisho? Alama inasema hakuna mtu, na kumbe yupo. Hapa toleo la mwanzo liliangalia RSP ya aliyekatizwa: ikiwa inaelekeza ndani ya steki ya NMI, basi huyu lazima ni NMI mwenzangu.

Kumbukeni SYSCALL, na jinsi RSP inavyobaki kuwa mali ya mtumiaji. Programu ya kawaida isiyo na ruhusa yoyote inaweza kuweka RSP ionekane iko ndani ya steki ya NMI, ikatoa SYSCALL, na kungoja. NMI ikigonga kwenye zile amri chache za mwanzo, kiini kinaangalia RSP, kinadhani ni NMI iliyopandana, na kinaondoka bila kuhudumia. NMI imepotea. Hii ndiyo CVE-2015-3291, kwa namba yake katika orodha ya udhaifu wa usalama. Katika mwaka huohuo zilirekebishwa nyingine mbili katika msimbo huu wa asembli: CVE-2015-3290, iliyohusu kutegemea njia ya espfix64 (mbinu ya kiini ya kuficha anwani ya steki yake wakati wa kurudi) wakati wa NMI zilizopandana, na CVE-2015-5157, iliyohusu hitilafu za IRET kwa NMI iliyoingia wakati programu ya mtumiaji ikiendeshwa. Ile ya 3290 ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu mtumiaji wa ndani aliweza kujipatia mamlaka ya kiini.

Andy Lutomirski ndiye aliyeitengeneza upya sehemu hii, na dawa yake ina vipande viwili. Cha kwanza ni rahisi: NMI ikitoka upande wa mtumiaji, usibaki kwenye steki ya IST. Steki ya kawaida ya uzi huo ndani ya kiini iko tupu wakati huo, kwa hiyo hamisha zile baiti 40 kule na uendelee na kazi kule. NMI nyingine ikija, itaikuta steki ya IST haina mtu. Nusu ya tatizo imekwisha bila ujanja wowote.

Kipande cha pili ni ujanja mtupu. Kuna bendera inaitwa DF, ambayo kazi yake ni kuambia amri za kunakili mifuatano zielekee mbele au nyuma. Ndani ya kiini kwa kawaida huwa imeshuka. SYSCALL nayo inashusha bendera zilizoorodheshwa kwenye rejista maalumu, na Linux imeiorodhesha DF humo. Maana yake, mara tu baada ya SYSCALL haiwezekani DF iwe juu, hata mtumiaji afanyeje. Basi mhudumu wa NMI, kabla ya kufuta alama yake, anaipandisha DF. Anayeingia baadaye akikuta RSP iko ndani ya steki ya NMI na DF iko juu, anajua ni NMI ya kweli iliyo karibu kuondoka. Akikuta DF iko chini, anajua RSP hiyo ni ya kughushi, na anaendelea kama NMI ya kwanza. Bendera ya kunakili maandishi imegeuzwa kuwa kitambulisho. Hainipendezi sana kwamba usalama umeegemea kitu kama hicho, lakini sijaona njia nyingine ambayo ingekuwa nafuu hivyo.

Hadithi ya kughushi haikuishia hapo. NMI inatakiwa pia kujua kama amri ya SWAPGS imeshatekelezwa, yaani kama rejista ya GS ni ya kiini au bado ni ya mtumiaji. Kwa miaka mingi ilitosha kusoma thamani yake: anwani za kiini ziko juu, za mtumiaji ziko chini, biti ya juu kabisa inakuambia. Linux 5.9 ya mwaka 2020 iliporuhusu watumiaji waiandike GS wenyewe kwa amri za FSGSBASE, kipimo hicho kilikufa, maana mtumiaji anaweza kuandika thamani inayofanana na ya kiini. Mahali FSGSBASE inapotumika, njia ya kuingilia ya NMI sasa inahifadhi thamani iliyokuwepo, iwe nini, na kuweka ya kiini bila kuuliza.

Niguse rejista ya CR2 kwa kifupi, kwa sababu ni mtego unaomnasa kila anayeandika kiini chake mwenyewe. Hitilafu ya ukurasa inatokea kwenye msimbo wa kawaida, prosesa inaandika anwani iliyokosekana kwenye CR2, na kabla mhudumu hajaisoma, NMI inagonga. Ndani ya NMI kunatokea hitilafu nyingine ya ukurasa, na CR2 inaandikwa upya. Mhudumu wa kwanza anarudi kusoma anwani, na anayoikuta si yake. Linux inaihifadhi CR2 mwanzoni mwa NMI, na mwishoni inairudisha ikiwa imebadilika. Mistari miwili mitatu ya C. Ukiisahau utatafuta hitilafu hiyo mpaka mvi ziote.

Maunzi nayo yameanza kurekebishwa. Mfumo wa Intel uitwao FRED, ambao Linux iliupokea katika toleo la 6.9 mwaka 2024, unaacha IRET na kutumia amri mpya za kurudi, ERETS na ERETU. Kizuizi cha NMI kinaondolewa tu ikiwa biti fulani ndani ya zile taarifa za kurudia inasema hivyo, na biti hiyo inakuwepo kwa anayerudi kutoka NMI. Hitilafu ya ukurasa iliyo ndani ya NMI inarudi bila kufungua kitu. Steki nazo zina ngazi, 0 hadi 3, na tukio linaloingia prosesa ikiwa tayari kwenye ngazi hiyo au ya juu zaidi linaendelea chini ya RSP iliyopo badala ya kurudi kileleni. Anwani ya hitilafu ya ukurasa inasukumwa kwenye steki, hivyo hata ule mtego wa CR2 unatoweka. Msimbo wa zamani hautafutwa lakini. Prosesa zisizo na FRED zitaishi nasi muda mrefu.

Lipo jambo ambalo FRED haiwezi kuligusa, nalo ni kufuli. NMI inaweza kumkatiza mtu aliyeshika kufuli lolote, kwa hiyo mhudumu wake akingoja kufuli anaweza kuwa anamngoja mtu ambaye hawezi kuendelea mpaka yeye mhudumu aondoke. Anaruhusiwa kujaribu na kukata tamaa. Kuandika logi kutoka ndani ya NMI kulisumbua miaka mingi kwa sababu hiyo, mpaka John Ogness alipoleta bafa isiyo na kufuli katika Linux 5.10. Kazi inayohitaji kufuli inawekwa kwenye foleni ya irq_work, na prosesa inajitumia yenyewe mkatizo wa kawaida utakaoifanya baadaye.

Hapa ndipo ile asembli inalipa. Kwa kuwa NMI ya pili haimwiti mhudumu bali inamwachia wa kwanza arudie, msimbo wa C ulio chini yake haujikuti ukiendeshwa na NMI mbili kwa pamoja kwenye prosesa moja. perf imejengwa juu ya uhakika huo: kila prosesa ina nafasi 4 za muktadha, moja ya kazi ya kawaida, moja ya mikatizo laini, moja ya mikatizo ya maunzi na moja ya NMI, kila moja ikiwa na bafa yake. Hakuna kufuli kati yao na hakuna anayeulizwa zamu. Ukibadilisha kitu pale kwenye repeat_nmi, anza kupima na perf kwa kasi kubwa huku vituo vya INT3 vikiwa vimepandikizwa ndani ya mhudumu wa NMI, uone kama ile nafasi ya nne itawahi kupata wenyewe wawili.

Nafungua maswali.